Congo Nile Trail kwa miguu: maswali yanayoulizwa sana kuhusu kutembea kando ya Ziwa Kivu

Maswali ni yale yale ambayo watu wanayarudia kila wakianza kupanga safari, nimeyaweka kuanzia ya mtu ambaye hajui hata njia iko wapi mpaka yale ya "je ikitokea". Jibu likiwa limeshatolewa sehemu nyingine nakuelekeza huko, sirudii.

## Ya kuanzia

Hii njia ni ipi na iko wapi?

Iko magharibi mwa Rwanda, inafuata Ziwa Kivu kutoka Rubavu kaskazini mpaka Rusizi kusini, karibu km 227. Inapita wilaya tano, ukitoka kaskazini zinakuja hivi: Rubavu, Rutsiro, Karongi, Nyamasheke, Rusizi. Ukisikia Gisenyi, Kibuye na Cyangugu usichanganyikiwe, ni majina ya miji ya Rubavu, Karongi na Rusizi kabla ya mabadiliko ya mwaka 2006 na watu wengi bado wanayatumia kila siku.

Usije ukategemea geti, tiketi na askari wa wanyama. Sehemu kubwa ni vijia vya watu wa vijijini na barabara za udongo: mama anaenda sokoni, watoto wanaenda shule, mzee kabeba kahawa anaipeleka kuoshwa, na wewe na begi lako unapita katikati yao, mara nyingine katikati ya uwanja wa nyumba ya mtu kabisa. Ndio maana maswali mengi huko chini yanahusu watu kuliko milima.

Mbona inaitwa Congo Nile na hiyo mito yenyewe haionekani?

Ule mgongo wa milima ulio mashariki mwa ziwa ndio unaogawa maji. Mvua ikinyesha upande wa magharibi inashuka Kivu, inatoka kwa mto Rusizi kwenda Ziwa Tanganyika na mwisho wake ni mto Kongo. Ikinyesha upande wa pili inaingia Nyabarongo, Akagera, Ziwa Victoria, halafu Nile. Wewe unatembea chini upande wa Kongo, na ukielekea kusini huo mgongo unao kushoto kwako safari nzima.

Siku ngapi zinatosha?

Njia nzima kwa miguu hesabu 10, kwa baiskeli 5. Ni wastani wa km 22 au 23 kwa siku, na ukisoma hivyo ukiwa umekaa kwenye kiti unaona ni kidogo, ila km 22 za pale zinapanda na kushuka kutwa nzima. Watu walio fiti wanafanya siku 8 na wanafika wamechoka hawakumbuki kijiji hata kimoja. Kama una siku za kuongeza, weka moja ya kupumzika Karongi, mguu utakushukuru.

Sina siku 10, nikate wapi?

Fanya nusu ya kaskazini, Rubavu mpaka Karongi, siku 4 au 5, halafu panda basi urudi Kigali. Hata ningekuwa na siku 7 bado ningefanya nusu hiyo taratibu kuliko kukimbiza yote. Kaskazini njia iko karibu na maji, vijia vya miguu bado ni vingi na vituo vya kulala viko pale pale ufukweni. Kusini kuna uzuri wake, ghuba zinazoingia ndani na kutoka, ila unakutana na lami mara nyingi zaidi (soma swali la lami).

Ni ngumu? Mimi sijawahi kupanda mlima wowote

Hakuna kupanda kwa kamba, hakuna sehemu ya kutisha. Ugumu ni wa kurudia rudia. Ziwa liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, njia inashuka mpaka kwenye maji, inapanda mlima, inazunguka bonde, inashuka tena, na ukiangalia nyuma saa nne baadae kijiji ulichotoka unakiona pale ng'ambo ya ghuba kama unaweza kukirushia jiwe. Hiyo inavunja moyo kuliko miguu yenyewe inavyouma.

Kama unaweza kutembea saa 5 mpaka 6 na begi la kilo 8, siku mbili mfululizo, unaweza. Kama huwezi, anza kutembea mwezi mmoja kabla na utafute sehemu ya kupanda na kushuka, maana kushuka ndio kunakomaliza magoti.

Nianzie Rubavu au Rusizi?

Wengi wanaanzia Rubavu na mimi nakubaliana nao, sababu vituo vya kulala na maelezo mengi yamepangwa kwa mwelekeo huo, na sehemu nzuri zaidi unaipata ukiwa bado una nguvu. Anayeanzia Rusizi anakuwa na faida moja, siku zake za mwisho ndio zile nzuri. Chagua, haigombanishi watu.

## Kufika, vibali na pesa

Nahitaji kibali au mwongozaji?

Kibali cha njia hakuna na kiingilio hakuna. Mwongozaji sio lazima. Ila kijana wa kijijini wa kukuonyesha njia kwa nusu siku, hasa siku ya kwanza na ya pili, ni pesa iliyotumika vizuri, anajua vijia ambavyo ramani haivijui na anakutafsiria. Kubaliana bei mwanzo na ukumbuke lazima arudi kwao, nauli ya kurudi iwe ndani ya makubaliano.

Natokea Tanzania / Kenya / Uganda, naingiaje Rwanda?

Wakenya na Waganda wanaingia kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mtanzania beba pasipoti. Hata kama una kitambulisho tu kinachokubalika, mimi ningebeba pasipoti kwa sababu ya kusajili laini ya simu na kujiandikisha gesti. Kadi ya homa ya manjano nayo weka, haina uzito.

Mabasi ya Dar kwenda Kigali yanapita Rusumo, yanayotoka Nairobi na Kampala yanapita Gatuna au Kagitumba. Ukifika Kigali nenda stendi ya Nyabugogo, hapo unapata gari za Rubavu (mwendo wa kama saa tatu na nusu hivi), Karongi (saa tatu) na Rusizi (saa tano mpaka sita). Ile ya Rusizi inakatiza msitu wa Nyungwe, uliowekwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2023, kwa hiyo ukimalizia kusini unarudi Kigali kwa njia nzuri na bado umekaa tu dirishani.

Kitu kimoja kinasumbua sana watu mpakani: mifuko ya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku rambo tangu 2008, begi likifunguliwa zinachukuliwa. Nguo zako zipange kwenye mifuko ya kitambaa au ule mfuko mnene wa kuzuia maji.

Pesa nabeba vipi?

Faranga za Rwanda, taslimu, noti ndogo ndogo. Noti ya 5,000 kijijini ukinunua chapati mbili inakuwa kesi, duka zima linahangaika chenji. Mashine za benki utazikuta miji mikubwa, yaani Rubavu, Karongi na Rusizi, katikati hapo usizitegemee.

Ukisajili laini ya pale unaweza kutumia MoMo, yaani pesa za kwenye simu, unabonyeza *182# na hata vibanda vidogo vingi vinapokea. Ukiwa Rubavu au Rusizi angalia simu isirukie mtandao wa Kongo yenyewe, chagua mtandao kwa mkono, la sivyo salio linaondoka hujui limeenda wapi.

Saa za pale zikoje?

Rwanda iko nyuma saa moja ukilinganisha na Tanzania, Kenya na Uganda. Jua linachomoza na kuzama karibu saa 12, na kuhesabu saa wanahesabu kama sisi, saa mbili asubuhi ya kule ni saa mbili kweli. Magari yanapita kulia, ukitembea kwenye lami tembea kushoto uone linalokuja. Na plagi zao ni za pini mbili za mviringo, ya pini tatu bapa haiingii, nunua kiunganishi kabla hujatoka Kigali.

## Njiani

Nitajuaje njia? Kuna vibao?

Vibao vipo baadhi ya sehemu, lakini usitembee kwa kuvitegemea, njia panda nyingi hutaviona. Fanya vitu viwili kwa pamoja: ramani ya simu inayofanya kazi bila intaneti, uwe umeshaipakua ukiwa Kigali, na mdomo. Taja jina la kijiji kinachofuata, usitaje jina la njia. Ukiuliza "Congo Nile Trail iko wapi" mama shambani atakuangalia tu, ukimuuliza "Kinunu?" ananyoosha mkono mara moja.

Majina ya kukariri kwa upande wa kaskazini ni Cyimbiri, Kinunu, Musasa, Rubengera, halafu Karongi. Kusini: Mugonero, Karengera, Kibogora, Shangi, halafu Kamembe ambayo ndio mji wa Rusizi. Hivyo ndivyo vituo ambavyo watu wengi wanalala.

Ukiuliza umbali usiulize kilomita. Uliza nikitembea nitatumia saa ngapi, na ukipewa jibu ongeza nusu yake, maana aliyekujibu anapanda huo mlima kila siku tena na mzigo kichwani.

Nimesikia kumewekwa lami, bado kuna raha?

Barabara ya lami inayounganisha Rubavu, Karongi na Rusizi ipo kweli, na kuna sehemu njia ya miguu imemezwa nayo. Malalamiko mengi yanatoka kwa watu walioifuata hiyo barabara kwa sababu ndiyo ramani iliwapa kwanza. Lami inakaa juu, vijiji vya wavuvi viko chini. Kila ukikuta vijia viwili na hujui, cha chini karibu na maji ndicho cha kwako, ila uliza kama kinatokea upande wa pili maana kuna vinavyoishia kwenye rasi tu na unarudi ulikotoka.

Sehemu za lami zisizokwepeka panda pikipiki. Hakuna hakimu anayekuhesabia. Dereva atakupa helmeti, ivae, ni sheria kwa abiria pia.

Nalala wapi?

Kwenye hivyo vituo nilivyotaja kuna gesti, kuanzia chumba cha kitanda na ndoo ya maji ya moto mpaka hoteli za ufukweni. Nyumba za wageni za makanisa ndizo zinazookoa wengi, Karongi na Kibogora zipo, safi, tulivu, bei ya kueleweka, mlango unafungwa mapema. Kinunu unalala jirani na kiwanda cha kuosha kahawa, ukipita kati ya Machi na Juni unakuta msimu umepamba moto na harufu ya maganda yanayochacha usiku kucha, wengine wanaipenda wengine inawakosesha usingizi.

Piga simu siku moja kabla. Sio kwamba vinajaa sana, ni kwamba mpishi hayupo kama hajui unakuja.

Na hema je?

Inawezekana, ila tambarare ni adimu, kila kipande cha ardhi kina mihogo, maharage au migomba ya mtu. Usifunge hema kimya kimya. Muulize mwenye eneo, na mwombe akupeleke kwa kiongozi wa mudugudu, yaani kijiji. Ukishajulikana kwa mkuu wa kijiji unalala kwa amani, usipojulikana utaamshwa saa nne usiku na tochi usoni na watakuwa na haki yao. Kwenye viwanja vya gesti wengi wanakuruhusu kufunga hema kwa bei ndogo, hiyo ndiyo ningeichagua.

Chakula kinapatikana?

Kinapatikana ukienda kwa saa zake. Asubuhi chai ya maziwa, chapati, mandazi na uji wanaouita igikoma. Mchana kwenye vituo vyenye soko unapata ndizi, viazi, maharage, wali, isombe (kisamvu), na mishikaki ya mbuzi. Kati ya kijiji na kijiji unaweza kutembea saa tatu hujakuta mgahawa, kwa hiyo beba karanga, ndizi mbivu na biskuti za siku nzima.

Kitu ambacho hupaswi kukosa ni sambaza, dagaa wa Kivu, wanakaangwa wakavu na kuliwa na pilipili. Wenyewe asili yao ni Ziwa Tanganyika, waliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 na wakakubali hali ya hewa kuliko wageni wote. Kila mwaka kuna kipindi uvuvi unafungwa ili wazaliane, ukiangukia hapo utaambiwa hawapo na usimlaumu mpishi.

Maji ya kunywa?

Ya chupa yapo vibandani lakini sio kila kijiji. Mabomba ya kijiji yapo na ndipo wanawake na watoto wanachota, jaza hapo na utibu kwa vidonge vya klorini au chujio. Ya ziwa usinywe bila kutibu hata yakionekana ya bluu namna gani, pale pale wanaoga na kufua. Lita mbili mkononi muda wote, tatu kiangazi.

Nibebe nini hasa?

Kilo 8, tisa ikizidi. Raba zenye meno na ulizozizoea, mabuti mapya ni mateso. Koti la mvua hata kiangazi. Sweta, usiku kuna ubaridi. Kofia, mafuta ya jua, tochi ya kichwani, pawabenki kwa sababu umeme gesti nyingine unakatika, chandarua kama unalala kwenye hema maana malaria ipo, plasta za malengelenge na dawa ya kuharisha. Fimbo usinunue dukani, kijijini utapata mti mzuri kuliko ya aluminiamu.

Miezi gani ni mizuri?

Juni mpaka katikati ya Septemba ni kiangazi kirefu, njia ngumu na vumbi, ila kuna ukungu na moshi wa mashamba hivyo Kongo ng'ambo huioni vizuri. Mwisho wa Desemba mpaka Februari ni kiangazi kifupi, mvua mbili tatu lakini anga safi na kila kitu kijani, mimi napendelea hiki.

Machi mpaka Mei usiende kama unaweza kuepuka. Udongo wa pale ukilowa unanata, kila mguu unabeba kilo ya tope, na hilo ni dogo. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua ilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini, na Rubavu, Rutsiro na Karongi ni kati ya zilizoumia zaidi. Mvua ikinyesha usiku kucha, siku inayofuata usitembee chini ya kingo zilizokatwa, subiri, unywe chai, kijiji hakikimbii.

## Ziwa lenyewe

Naweza kuogelea? Mamba? Ile gesi?

Mamba hakuna, kiboko hakuna, ndio raha ya Kivu. Oga pale wenyeji wanapooga na uulize kwanza. Hatari ya kweli ni kina: kingo zinashuka ghafla, hatua tatu maji ya kiuno, ya nne huna chini, na katikati ziwa linafika karibu mita 480. Asiyejua kuogelea aishie magotini.

Gesi ipo kweli, kaboni dayoksaidi na methani nyingi sana zimeyeyuka chini kwenye kina, na methani hiyo inavutwa kuzalisha umeme kwenye mtambo wa KivuWatt upande wa Karongi, megawati 26, tangu 2016. Haikufuati ukiwa unatembea. Kitu cha kuangalia ni mazuku, kaboni dayoksaidi inayotuama kwenye mashimo na mabonde madogo ya ardhi ya volkano upande wa Goma na Rubavu, haina rangi wala harufu. Ukiona sehemu ya chini wenyeji wanaikwepa, ikwepe na wewe, na usifunge hema shimoni.

Kuna boti ya kuruka vipande?

Boti za abiria zipo kati ya miji mikubwa ila sio za kila siku na ratiba inabadilika, ulizia bandarini ukiwa pale pale. Vijijini unaweza kukubaliana na mwenye mtumbwi wa injini akuvushe ghuba, inakuokolea nusu siku ya kuzunguka. Koti la kuokolea maisha kwanza, halafu bei. Hakuna koti, hakuna safari. Na uvuke asubuhi, mchana upepo unaamka.

Kutoka Karongi watu wanakodi boti kwenda kisiwa wanachokiita Napoleon, kimejaa popo. Kwa siku ile ya kupumzika inafaa.

Zile nyimbo za usiku ni nini?

Wavuvi wa sambaza. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, inatoka jua likizama, taa zinawashwa kuvuta dagaa, na wanapiga kasia kwa wimbo. Ukilala Kinunu au Cyimbiri unawasikia wakitoka, na alfajiri ukiwahi unawakuta wanagawana. Ukitaka kwenda nao muulize mwenye gesti akuunganishe, usiruke tu mtumbwini na kamera.

## Watu

Kiswahili kinaeleweka?

Kuliko watu wanavyofikiri. Ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini sababu kubwa ni majirani: Rubavu imegusana na Goma na Rusizi imetazamana na Bukavu, miji yote miwili ya Waswahili, biashara kila siku. Kwa hiyo mwanzo na mwisho wa njia unaongea bila shida, sokoni na kwa madereva hasa. Katikati, Rutsiro na Nyamasheke vijijini, ni Kinyarwanda, ila maneno mengi utayanasa tu, amazi ni maji, icyayi ni chai, hujapotea.

Jifunze salamu. Mwaramutse asubuhi, mwiriwe kuanzia mchana, amakuru ni habari na unajibu ni meza, asante ni murakoze. Mzee anasalimiwa kabla hujamuuliza njia, hilo hakuna wa kukufundisha. Kiswahili chao kimechanganyika na cha Kongo, ukisikia kimepinda pinda usianze kumsahihisha mtu kwao.

Watoto wanaonifuata nifanyeje?

Salimia, cheka nao, endelea kutembea. Watasema "agacupa", wanataka chupa yako tupu ya maji, ni chombo cha kazi kwao. Chupa kama huihitaji mpe mmoja aliye karibu. Pesa na pipi hapana, maana anayekuja nyuma yako ndiye anayelipia, na kuna vijiji wazazi wenyewe hawataki. Wakikufuata saa za shule waulize mwalimu yuko wapi, wanatawanyika wenyewe.

Kupiga picha?

Mtu muombe kwanza. Wanajeshi, mpaka, bandari na madaraja usipige. Droni inahitaji kibali rasmi, usiibebe tu ukasema utaeleza huko huko.

Kuna mambo ya kutozungumzia?

Ukanda huu uliumia sana katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Njia yako inapita Karongi na Mugonero, ambako watu waliokimbilia kanisani waliuawa, na juu ya Karongi kuna kumbukumbu ya Bisesero, ambako Watutsi walishikilia mlima kujitetea kwa mawe na fimbo. Nenda Bisesero kama una nusu siku, nenda kimya kimya. Usimuulize mtu kabila lake, popote, hata kwa utani. Kuanzia tarehe 7 Aprili ni wiki ya maombolezo, muziki na sherehe zinasimama, na ukiwa njiani wiki hiyo nawe punguza sauti.

Jumamosi nimekuta kila kitu kimefungwa, kwanini?

Umuganda. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi saa mbili mpaka saa tano, watu wanafanya kazi za pamoja za kijiji na usafiri unasimama. Panga siku yako ya kupumzika iangukie hapo, au shika jembe, watafurahi kuliko ukipita na begi unapunga mkono.

## Je ikitokea...

Mwanamke peke yake, ni salama?

Wanawake wanaitembea peke yao na wengi wanasema usumbufu ni maswali tu: mume yuko wapi, kwanini unatembea wakati gari zipo. Fanya kama ungefanya popote, uwe ndani kabla ya saa 12 jioni, chumba chenye komeo, mtu mmoja nyumbani anajua kituo chako cha leo na cha kesho. Kitenge cha kujifunga kinasaidia kuoga ziwani, kujifunika, na kukaa chini popote.

Vita vya Kongo vinafika huku?

Njia inaanza ukiangalia Goma na inaisha ukiangalia Bukavu, kwa hiyo swali ni la haki. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Goma, risasi na mabomu yalivuka mpaka na kuua watu Rubavu, na Februari wakaingia Bukavu. Kabla ya kusafiri angalia habari za wiki hiyo. Hali ikiwa mbaya ncha mbili ndizo zinazoachwa, unaanzia Kinunu kwa mfano na kuishia Kibogora. Na usikubali kuvushwa ng'ambo kwa mtumbwi hata uambiwe ni dakika kumi tu, huo ni mpaka wa nchi.

Nikiumia au kuugua katikati?

Ambulensi ni 912, polisi 112. Hospitali ziko nyingi kuliko unavyodhani: Gisenyi, Murunda huko Rutsiro, Kibuye, Mugonero, Kibogora, na Gihundwe Rusizi, na kati yake kuna vituo vya afya. Kwa kawaida barabara ya pikipiki haiko mbali, mbele ya mtu wa kwanza utakayemkuta sema tu "moto" (ndivyo wanavyoita pikipiki), hospitali, ataelewa. Homa yoyote njiani pima malaria siku hiyo hiyo, usiipe siku mbili.

Baiskeli ni bora kuliko miguu?

Ni haraka zaidi. Kaskazini kuna vipande vyembamba ambavyo utaisukuma, kusini inateleza vizuri. Breki zipimwe kabla, beba tyubu mbili. Kuhusu kulala na kula, majibu ni yale yale ya juu.

Giza limeniingilia na kituo bado mbali, nifanyeje?

Simama kwenye nyumba ya kwanza yenye taa au kwenye kibanda, usiendelee na kijia cha ziwani usiku. Salimia, sema jina lako na unakokwenda, uliza kiongozi wa mudugudu au mtu mwenye pikipiki. Mara nyingi pikipiki inapatikana kupitia simu ya jirani wa jirani, inachukua nusu saa. Isipopatikana utapewa pa kulala, na asubuhi acha kitu cha maana kwa mama wa nyumba, sukari na sabuni kutoka kibandani ni bora kuliko noti, ukimlipa pesa anaweza kukataa na mkabaki mnasukumana mlangoni.